The Hebrew Hammer: mambo tunayoyakosea kuhusu yule Myahudi wa koti la ngozi

Kila Desemba lazima kuna mtu ataniuliza kuhusu ile komedi ya 2003 ya shujaa wa Kiyahudi anayeokoa Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, na kila mwaka swali linakuja na maelezo yaleyale ya uongo, sasa acha niyamalize hapa nipumzike.

"Ni filamu ya kuwadhihaki Wayahudi."
Hapana jamani. Mwandishi na mwongozaji wake Jonathan Kesselman ni Myahudi mwenyewe, na staa Adam Goldberg baba yake ni Myahudi. Ni kama Mchaga akisimama jukwaani akaanza kuwatania Wachaga na hela, nani atamkasirikia? Shujaa anaitwa Mordechai Jefferson Carver, mpelelezi binafsi, anatembea kifua mbele mtaa mzima unampisha, halafu akifika kwa mama yake anasemwa mpaka anakuwa mdogo kama piriton. Mimi hapo ndo huwa nacheka zaidi, zaidi hata ya sehemu za risasi.

"Wanamuiga James Bond."
Hii inatokana na kuona tu bastola na mrembo. Kinachoigwa ni zile filamu za Wamarekani weusi za mwanzoni mwa miaka ya 70, za kina Shaft (1971), jamaa wa koti refu la ngozi asiyemwogopa polisi wala jambazi na muziki wa funki unamsindikiza nyuma. Kesselman alichukua koti lile, akaongeza kofia nyeusi na mashavu yenye vishungi vya nywele vya Wayahudi wa dini, basi. Na hakuiba kimyakimya, maana mmoja wa waigizaji ni Mario Van Peebles, mtoto wa Melvin Van Peebles, yule mzee aliyetengeneza moja ya filamu zilizoanzisha mtindo wote huo mwaka 1971, na mzee mwenyewe anatokea kidogo humo ndani. Usipojua hilo nusu ya vichekesho vinakupita.

"Hanuka ni Krismasi ya Wayahudi."
Adui kwenye filamu ni Damian, mtoto mkorofi wa Santa, anaua baba yake anachukua kiti halafu anataka kuifuta Hanuka isiwepo, kwa hiyo watu wanadhani hizo sikukuu mbili ni mtu na mdogo wake. Hanuka haihusiani na kuzaliwa kwa mtu. Ni kumbukumbu ya Wamakabayo, Wayahudi walioasi, kulikomboa hekalu la Yerusalemu mikononi mwa mfalme Antioko na kulitakasa upya, mwaka 164 kabla ya Kristo. Kwenye Yohana 10:22 ipo, inaitwa sikukuu ya kutabaruku, tunaisoma tunapita. Na kidini sio sikukuu kubwa kihivyo, watu wanaenda kazini kama kawaida, Pasaka yao na Yom Kippur, siku yao ya toba, ni nzito kuliko hiyo. Tarehe nayo inafuata kalenda yao, ndo maana 2013 ilianza jioni ya Novemba 27 na 2024 ikaanza jioni ya Desemba 25 yenyewe. Siku nane, kila jioni mshumaa mmoja unaongezeka, na wa tisa ni "mtumishi" anayewasha wenzake. Vyakula ni vya kukaanga kwa ajili ya muujiza wa mafuta ya taa ya hekalu, ya siku moja yakawaka siku nane, na watoto wanacheza pia, ile ya kuzungusha, yenye pande nne.

"Jina la Hammer limewekwa tu lisikike kibabe."
Hammer kwa Kiingereza ni nyundo. Yuda aliyeongoza vita ile ya hekalu aliitwa Makabayo, na maelezo yanayokubalika sana ni kwamba neno hilo linatoka kwenye nyundo kwa Kiaramu. Kwa hiyo Nyundo anaokoa sikukuu ya Nyundo. Jamaa alifikiria.

"Kwanzaa iliyomo humo ni sikukuu ya Afrika, yaani yetu."
Sasa hii inatuhusu. Mario anacheza mkuu wa jeshi la ukombozi wa Kwanzaa, anaungana na Hammer kwa sababu Damian anataka kufuta na ya kwao, na binamu yangu alipoona hapo akaniuliza, hii inaliwaga mkoa gani? Hakuna mkoa. Ilianzishwa Kalifonia mwaka 1966 na Maulana Karenga kwa ajili ya Wamarekani weusi, inaanza Desemba 26 inaisha Januari 1, na wala sio dini, Mkristo na Mwislamu wote wanaisherehekea. Cha kwetu ni lugha. Jina limetoka kwenye "matunda ya kwanza", wakaongeza a moja zifike herufi saba, maana kila kitu ni saba: siku saba, misingi saba (Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani), mishumaa saba kwenye kinara, mweusi katikati, mitatu myekundu upande mmoja na mitatu ya kijani upande wa pili. Chini wanatandika mkeka, juu yake wanaweka hindi moja kwa kila mtoto wa nyumba, wao wanaliita "muhindi", na mimi mara ya kwanza kusoma hivyo nilimtafuta huyo Muhindi ni nani na kaingiaje.

Halafu kuna salamu. Ukialikwa huko Desemba 26 mtu akakuambia "Habari gani?" usije ukajibu nzuri kama ulivyozoea, watakushangaa. Unajibu "Umoja!" Kesho yake akikuuliza tena, "Kujichagulia!"