"Ni vidonda vya tumbo tu" na mengine tuliyoambiwa

Binti wa dada yangu alikuwa na miaka 16 alipoanza kumegea mdogo wake ugali wake, kidogo kidogo, baba yao akitazama habari. Tukajua tuna shida mwaka mmoja baadaye: ana ugonjwa wa akili unaovuruga ulaji wa mtu. Katikati hapo tulisikia mengi.

"Huo ni ugonjwa wa wazungu." Jirani wetu wa mtaa wa Umoja alilisema hili kwa huruma kabisa. Lakini huko visiwa vya Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa kama hapa kwetu mtu akirudi kutoka ushago, televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Wakati huo watafiti hawakupata msichana wa shule aliyejitapisha ili apungue. Kufikia 1998 walikuwa zaidi ya 1 kwa kila 10. Na hiyo ilikuwa televisheni tu, simu bado.

"Angekuwa mgonjwa angekonda." Mwenye anoreksia, yaani anayejinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, hukonda, ndiyo. Mwenye bulimia hula kwa pupa kisha hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha, na mara nyingi uzito wake ni wa kawaida. Wetu alikuwa akifungulia bomba hadi mwisho kila baada ya chakula cha jioni, nasi tukilalamikia bili ya maji. Alikuwa na makovu madogo juu ya vidole viwili, pale meno yalipokwaruza. Kliniki moja ilitupa dawa za vidonda vya tumbo mara tatu. Kumbe kutapika humaliza madini ya potasiamu mwilini, na ikishuka sana moyo hupiga ovyo, hata kusimama.

"Ni maringo, akishikwa na njaa atakula." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Mwaka 1945, Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye akili timamu walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi 6 kwa ajili ya utafiti. Wakawa wakali, wakajitenga, wakaota chakula, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Njaa yenyewe huvuruga akili. Niliposoma hayo nilimkumbuka binti yetu Jumamosi moja akisukuma chapati 20, akituandalia na chai, halafu yeye haonji hata moja. Tulimsifu!

"Ni wasichana tu." Wavulana pia huugua, ila wao husemwa wanajali mazoezi.

"Amefunga, mwacheni." Aliomba kujiunga na mfungo wa kanisa. Nani atamkataza mtoto kufunga?

"Mama ndiye kamharibu." Dada yangu aliambiwa hivi na mawifi, mbele za watu. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi una sehemu kubwa, na hakuna malezi ya aina moja yanayoleta ugonjwa huu. Tena, tiba iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, huwakabidhi wazazi wenyewe kazi ya kumlisha mtoto. Si kazi nyepesi. Shemeji alianza kula kibandani ili akwepe ile meza. Mdogo mtu akawa anaficha mkate chini ya godoro, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Macho yote yalikuwa kwa dada yake.

Siku hizi dada hukaa na binti yake saa nzima baada ya kula, mlango wa choo ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Hucheza karata. Jumapili iliyopita binti alibakisha nusu chapati, akaisogeza kwa mdogo wake. Mdogo wake akairudisha.