Crooks hakuchagua upweke

Wasomaji wengi wa Of Mice and Men, riwaya ya John Steinbeck ya 1937, humwona Crooks kama mtu mwenye kinyongo anayependa kukaa peke yake. Ushahidi wao ni jinsi anavyomtesa kwa maneno Lennie, kibarua mwenzake mwenye akili ya kitoto, akimtia hofu kwamba huenda George, rafiki anayemtunza, asirudi.

Lakini nani alimweka peke yake? Crooks, mtunza farasi mwenye mgongo uliopinda baada ya kupigwa teke na farasi, ndiye mtu mweusi pekee katika shamba hilo la California. Haruhusiwi kulala bwenini wala kucheza karata na wenzake. Analala chumba cha matandiko ya farasi. Usiku mmoja wa Krismasi walimwita ndani, mmoja wao akamvamia wapigane. Ukarimu wa ajabu huo!

Kwa hiyo anapomfukuza Lennie mlangoni, anailinda haki ya pekee aliyoachiwa, ya kuamua nani aingie chumbani mwake. Si bure kwamba kati ya vitabu vyake mna nakala chakavu ya sheria za kiraia za California ya 1905. Ukatili wake kwa Lennie upo, siukatai, ila muda mfupi baadaye anaomba kujiunga na shamba ambalo Lennie na George wanaota kulinunua, tayari kufanya kazi bila malipo. Mpenda upweke haombi hivyo. Analifuta ombi hilo baada tu ya mke wa Curley, mwana wa bosi wa shamba, kumtishia kwamba anaweza kumfanya anyongwe mtini, tishio ambalo katika Marekani ya wakati ule halikuwa maneno matupu.