Kabla ya kupima uwanja wa gofu, pima barabara na jua

Kila mwezi wa saba, The Open inapoonekana kwenye televisheni, maswali mawili hunijia kutoka kwa wapenzi wa gofu hapa Lubumbashi. Mbona viwanja ni vilevile miaka nenda miaka rudi? Na mbona hakuna hata moja ya mashindano makuu manne ya wanaume lililowahi kuchezwa Afrika, bara lililowalea mabingwa Gary Player, Ernie Els na Louis Oosthuizen? Jibu la haraka ni fedha. Fedha zimo, sikatai, lakini viwanja vingi vyenye fedha tele hukataliwa, na sababu zake mara nyingi ziko nje ya mashimo 18.

Kati ya manne hayo, Masters tuiweke kando, maana haichaguliwi uwanja: tangu 1934 inachezwa Augusta National, klabu inayoiandaa yenyewe. Yanabaki matatu. US Open iko mikononi mwa USGA, chama cha gofu cha Marekani, PGA Championship mikononi mwa PGA of America, chama cha wataalamu wa gofu wa huko, nayo The Open mikononi mwa R&A, shirika la gofu la Uskoti, ambalo halitoki kwenye viwanja vya pwani vya Uingereza.

Sisi tuliozoea mpira wa miguu tunajua CAF wakija kwenye uwanja wetu wa Kamalondo wanapima nini: urefu, upana, taa, vyumba vya wachezaji, viti. Gofu haina kipimo kama hicho. Uwanja mmoja una hekta 50, mwingine zaidi ya 250, na vyote viwili vimepewa US Open. Merion, karibu na Philadelphia, ndio ule mdogo. Mwaka 2013 ilibidi tiketi zishushwe hadi kama 25,000 kwa siku, wachezaji wakapasha mwili kwenye uwanja wa pili wa klabu kisha wakabebwa kwa magari hadi shimo la kwanza, na baadhi ya mahema ya wageni yakasimikwa kwenye ardhi ya chuo jirani. Kimchezo Merion ilishinda hoja: ina chini ya yadi 7,000, na bado Justin Rose alichukua kombe akiwa pigo moja juu ya kiwango (par, idadi ya mapigo yanayotarajiwa kwa mchezaji hodari). Kimapato ilikuwa kazi ngumu. Erin Hills ya Wisconsin, mwaka 2017, ilikuwa kinyume chake: hekta 264, yadi 7,741, nafasi ya kumwaga watu utakavyo. Mvua ikalainisha ardhi, upepo uliotegemewa ukachelewa, na njia za kuchezea zilikuwa pana mno. Brooks Koepka akashinda kwa mapigo 16 chini ya kiwango. Anayekuambia urefu ndio ugumu, mpe mfano huo.

Kinachohesabiwa kwanza, basi, ni ardhi iliyo tupu kando ya mashimo: kijiji cha watazamaji, magari ya televisheni, maegesho, uwanja wa mazoezi wenye yadi 300 na ushee ili mipira isitue barabarani. Mfano bora ninaoujua ni Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini. The Open ilichezwa hapo 1951, kisha ikapotea kwa miaka 68. Ili irudi 2019, mashimo ya 17 na 18 ya zamani yaliondolewa kwenye mchezo na ardhi yake ikawa kijiji cha watazamaji. Mashimo mawili mapya, la 7 na la 8, yalijengwa kwenye ardhi ya uwanja wa pili wa klabu hiyohiyo. Soma tena sentensi hiyo: walitoa mashimo mawili ya mashindano ili watu wapate pa kula na pa kupita. Watazamaji 237,750 walikuja, na 2025 wakafika karibu 278,000.

Turnberry, Uskoti, ni uwanja ambao wachezaji wengi wangeupigia kura kesho. Haijapokea The Open tangu 2009. Sehemu ya sababu ni siasa: mmiliki wake tangu 2014 ni Donald Trump, na mwaka 2021 R&A ilisema haina mpango wa kurudi huko kwa wakati huo. Lakini hata ukiiondoa siasa, barabara, reli na vyumba vya kulala haviwezi kubeba umati wa siku hizi. Mwaka 2009 wenyewe walikuja kama 120,000 tu. Chukua umati wa siku moja ya Portrush uufikishe uwanjani kwa barabara moja kama ile ya Kipushi saa za asubuhi. Hapo utaelewa kwa nini mkaguzi huanza na ramani ya barabara.

Sasa jua. Jambo hili halizungumzwi, na ndilo linalotugusa moja kwa moja. US Open, PGA Championship na The Open huanza na wachezaji 156. Watatu watatu, ni vikundi 52. The Open huwatoa wote kwenye shimo la kwanza. Ukiweka dakika 11 kati ya kikundi na kikundi, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho zinapita dakika 561. Ongeza muda wa saa 5 wa kikundi cha mwisho kumaliza, na unahitaji zaidi ya saa 14 za mwanga. Uskoti mwezi wa saba inazo na zinabaki. Lubumbashi haizipati siku yoyote ya mwaka.

Kuna njia ya Wamarekani: nusu waanzie shimo la 1, nusu la 10, kwa zamu mbili. Tupige hesabu. Kila upande vikundi 13 vya asubuhi. Cha mwisho kinatoka baada ya dakika 132. Vikundi vya upande wa pili vinaanza kufika kwenye shimo hilo baada ya muda wa saa mbili na nusu, na vinaendelea kupita hadi dakika ya 282. Zamu ya mchana haiwezi kuanza kabla ya hapo, kwa hiyo kikundi cha mwisho kabisa kinaondoka muda wa saa 7 na dakika 5 tangu mchezo uanze, na kumaliza baada ya muda wa saa 12 na dakika 5. Mwezi wa sita hapa kwetu jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya kumi na mbili jioni: mwanga wa muda wa kama saa 11 na dakika 24. Giza linawakuta mashimoni hata kama hakuna aliyepoteza mpira. Ukipunguza hadi wachezaji 120 unamaliza na dakika 25 mkononi, yaani ukungu mmoja tu wa asubuhi unaharibu siku nzima.

Na mwezi wa sita si hiari. Masika yetu yana radi za mchana, na radi ikipiga mchezo husimama. Kiangazi ni kikavu, kinafaa, lakini maji lazima uyatafute mwenyewe. Hekta 30 za nyasi zikinyweshwa milimita 5 kwa siku ni mita za ujazo 1,500 kila siku, kwa miezi. Usizitegemee REGIDESO na SNEL, mashirika yetu ya maji na umeme, kwa hesabu hiyo. Unahitaji bwawa, pampu, na jenereta ya pili ya kuiokoa ya kwanza.

Mwinuko nao una neno lake. Tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 4 hadi 5. Uwanja wa yadi 7,300 hapa unachezeka kama wa 6,960 hivi pwani.

Grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, ndizo zinazoaibisha waandaaji. Mkaguzi hatafuti grini ngumu, anatafuta grini yenye sehemu nne au tano za kutoboa shimo, kila moja angalau hatua nne kutoka ukingoni na bila mteremko wa ghafla kulizunguka shimo. Kadiri nyasi zinavyokatwa fupi, sehemu hizo zinapungua, kwa sababu mteremko wa asilimia 4 uliokuwa wa haki unageuka telezi. US Open ya Shinnecock Hills 2004: Jumapili grini ya 7 ilikauka hadi mpira haukutulia, wakalazimika kuinyunyizia maji katikati ya mchezo, na siku ile hakuna hata mmoja aliyecheza chini ya kiwango. Retief Goosen wa Afrika Kusini alishinda. The Open ya St Andrews 2015, kosa halikuwa la mkasi bali la upepo: mipira ilisogea yenyewe, Jumamosi mchezo ukasimama kwa muda wa zaidi ya saa kumi, na mashindano yakaisha Jumatatu. Ndiyo maana grini za The Open huachwa taratibu kuliko za Marekani.

Kwa jirani yeyote atakayesema tuna ardhi ya migodi, tuijenge: Chambers Bay, jimbo la Washington, ulijengwa kwenye machimbo ya mchanga na kokoto, ukapewa US Open 2015. Wazo zuri. Lakini watazamaji waliteleza kwenye vilima vya nyasi kavu, shimo la 8 hawakuweza kulifuata, na kwenye grini aina moja ya nyasi ilivamiwa na nyingine hadi mpira ukawa unarukaruka. Baadaye grini zilipandwa upya. Nyasi za grini zinahitaji misimu kadhaa kabla ya kuzipa hukumu. Waliochagua uwanja ule walikuwa na haraka.

Banka nazo, yaani mashimo ya mchanga, kwa ufupi. Whistling Straits, kwenye PGA Championship ya 2010, ilikuwa na karibu elfu moja, nyingine nje ya kamba, ambako watu walizikanyaga siku nzima. Dustin Johnson akagusisha fimbo mchangani kwenye mojawapo, akidhani ni udongo tu wa kukanyagwa: mapigo mawili ya adhabu kwenye shimo la mwisho. Kasoro hiyo ilionekana kwenye ramani kabla ya siku ya kwanza.

Mtindo wa USGA wa kurudi kwenye viwanja vya Pinehurst, Oakmont na Pebble Beach kila baada ya miaka michache unalaumiwa kuwa unafunga mlango. Mimi nauunga mkono nusu. Waandaaji wanajua tayari nyaya zinapita wapi na maji ya mvua yanasimama wapi. Nusu nyingine inanisumbua: klabu mpya haipati pa kujifunzia.

Kwa mashindano ya nchi hapa Lubumbashi, nambari yangu ni wachezaji 84. Vikundi 28, 14 kila upande, zamu moja. Kikundi cha mwisho kinatoka dakika ya 143, dakika saba kabla ya wa kwanza kufika kutoka upande wa pili. Mkianza saa moja asubuhi, wa mwisho anamaliza karibu saa nane na nusu mchana, na bado kuna mwanga wa kuwashindanisha waliofungana.