Je, wajua kwa nini bendisoo ndogo ya bei poa inaweza kukutosha kujengea mtumbwi?

Matondoni kule Lamu, au Nungwi Zanzibar, miaka na miaka jahazi zima limesimama kwa tezo, msumeno, randa na keekee, umeme wala nini. Sasa wewe mtu wa wikendi unataka kujenga kamtumbwi uani, unaingia dukani unakuta bendisoo ya inchi 9, ule msumeno wa umeme wenye bledi kama mkanda unaozunguka magurudumu mawili, mota haizidi nusu hospawa, unajiuliza haka katoto kataweza kweli?

Kanaweza, sababu chombo ndo kikubwa, vipande vyake sio.

Chukua mtumbwi wa vibanzi, ule unagandisha vipande vyembamba kimoja juu ya kingine kwa gundi halafu unapaka epoksi (gundi ya maji inayokauka ngumu) na kitambaa cha fiba. Kila kibanzi unene milimita 6, upana 20, na ukizunguka tumbo la mtumbwi lenye mita 1.2 hivi unahitaji vibanzi kama 60. Msumeno wa duara unakula karibu milimita 3 kila ukikata, kwa hiyo ubao wa upana wa milimita 150 unakupa vibanzi 17 basi, zingine zote unga. Bledi ya bendisoo inakula kama milimita 1, hata ukiacha nusu milimita ya kupiga randa (maana inaacha mikwaruzo hiyo!) unapata 20. Mbao 3 badala ya 4, na ukiangalia bei ya mvule siku hizi si mchezo. Na hapo unakata kina cha milimita 20 tu, mota wala haihemi.

Mataruma nayo, zile mbavu za ndani ya chombo. Fundi wa jahazi anatafuta mti uliopinda wenyewe ili nyuzi za mbao zifuate mkunjo, sisi huo mti tutautoa wapi, na ukikata tao kwenye ubao ulionyooka nyuzi zinakatika njiani, taruma linavunjika. Dawa ni kukata vipande vyembamba, unavikunja pamoja na gundi, na vipande vyembamba ndo kazi ya haka kamashine.

Kanaposhindwa ni kupasua gogo au ubao uliosimama kwa upana, nyingi za saizi hii zinaishia milimita 80 hadi 100, na mvule mkavu ukisukuma kwa haraka bledi inapinda ndani ya mbao utoke na kipande cha ajabu. Bledi iliyokuja na mashine mi huwa naitoa siku ya kwanza, nanunua nzuri. Dukani zungusha gurudumu kwa mkono uone kama bledi inayumba, weka guniya (kile kipimo cha pembe mraba) mezani uone kama bledi imesimama wima, tikisa kile chuma cha pembeni cha kuegemezea ubao, kikicheza hata kidogo achana nayo. Ukikuta ya mtumba kutoka Marekani angalia volti, ile ni 120, umeme wetu ni zaidi.

Halafu kuna kitu watu wanasahau, nafasi. Ubao wa mita 4 na nusu unataka mita 4 na nusu mbele ya bledi na nyingine nyuma, na mashine yenyewe nyepesi, usipoifunga kwa bolti na kuweka vishikio vya kubeba ubao pande zote, ubao unaipindua. Mi uani kwangu hakutoshi, nikikata mbao zinatokea getini, mtoto anasimama nje kuwaambia wapita njia wasubiri kidogo.