Alama inayoizuia seli kunakili vinasaba mara mbili

Seli ya binadamu inapojiandaa kugawanyika, ina saa kama nane za kunakili vinasaba vyake vyote: herufi zaidi ya bilioni 6, kwenye nyuzi ambazo zikiunganishwa na kunyooshwa hufika mita 2 hivi. Kazi hiyo haiwezi kuanzia mahali pamoja. Kromosomu namba 1, iliyo ndefu kuliko zote, ina herufi karibu milioni 250, na mtambo wa kunakili huenda kwa kasi ya herufi 50 hivi kwa sekunde. Ungeanzia katikati tu na kuelekea pande zote mbili, ungemaliza baada ya mwezi mzima. Ndiyo maana seli hufungua vituo vya kuanzia makumi ya maelfu, vingine mapema, vingine baadaye.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Kituo kikishafanya kazi yake, nani atakizuia kisianze upya wakati vingine bado vinasubiri zamu? Kipande kikinakiliwa mara mbili, uzi hukatika na jeni huzidi idadi. Ni mojawapo ya njia zinazoipeleka seli kwenye saratani.

Kila tunapozungumza na wananchi, iwe Igoma au Kirumba hapa Mwanza, swali la saratani haliko mbali, na jibu la haraka ni kwamba seli zimeanza kugawanyika ovyo. Sawa, lakini jibu hilo halisemi kwa nini siku nyingine zote hazifanyi hivyo.

Mwaka 1988 Julian Blow na Ron Laskey, wakiwa Cambridge, Uingereza, walifanya jaribio kwa ute wa mayai ya chura aina ya Xenopus. Watu wa Kanda ya Ziwa tuna ndugu yake hapa hapa, Xenopus victorianus, kwenye madimbwi ya pembezoni mwa ziwa, ingawa wengi humpita bila kumtazama. Kiini cha seli kikiwekwa kwenye ute ule kilinakili vinasaba vyake mara moja, kisha kikagoma. Utando wa kiini ukitobolewa, kilikuwa tayari kunakili tena. Wakapendekeza kwamba kuna kitu kinachotoa ruhusa, kinachotumika kikaisha, na ambacho hakipenyi hadi utando ufunguke kama unavyofunguka seli inapogawanyika.

Leo wahusika wanafahamika kwa majina. Seli inapomaliza kugawanyika, kundi la protini liitwalo ORC huwa limekaa kwenye vituo vya kuanzia. Protini mbili, Cdc6 na Cdt1, huja kusaidia kuvisha kila kituo pete mbili za MCM. Pete hizo ndizo zitakazokuja kuachanisha nyuzi za vinasaba, ila kwa wakati huo zimelala. Kuvishwa pete ndiyo ruhusa yenyewe. Baadaye, vimeng'enya vya jamii ya CDK na DDK huzibandika protini za kituoni fosfeti, yaani kikundi kidogo cha kemikali, na pete zinaamka.

Siri iko katika kutenganisha nyakati hizo mbili. Pete huvishwa wakati kunakili hakuruhusiwi, na kunakili kunapoanza, kuvisha pete kunapigwa marufuku. Waliovuka Kigongo kwa feri kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025 wataelewa: tiketi iliyokwisha kuchanwa haikuvushi tena, na ukitaka nyingine unarudi dirishani. Katika seli, kunakili kukianza tu, dirisha nalo linafungwa.

Anayelifunga ni protini ndogo sana, ubikuitini, yenye asidi amino 76 tu. Hiyo ndiyo alama yetu: ikibandikwa moja kwenye protini nyingine, ikafuata ya pili juu yake hadi ukapatikana mnyororo, protini iliyobandikwa hupelekwa kwenye proteosomu na kusagwa vipande vipande. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuugundua mfumo huo.

Tuitazame Cdt1 kwa karibu. Mtambo wa kunakili unapokimbia juu ya uzi, huambatana na pete nyingine, PCNA. Cdt1 ina kipande kifupi kinachonasa kwenye PCNA. Kimeng'enya cha CRL4-Cdt2 hakishughuliki na Cdt1 inayoelea peke yake. Huitambua ikiwa imenasa kwenye PCNA iliyo juu ya vinasaba, na hapo ndipo huibandika ubikuitini. Kwa maneno mengine, tendo lenyewe la kunakili ndilo linalomuua mtoa ruhusa. Katika baiolojia yote ninayofundisha, sijui mpango mwingine mwerevu kama huu. Fosfeti inaweza kubanduliwa, lakini protini iliyosagwa haifufuki. Seli italazimika kutengeneza mpya.

Na seli haiweki tegemeo lake kwenye njia moja. Protini iitwayo jeminini huishika Cdt1 yoyote iliyobaki, hadi mwisho wa mgawanyiko, ambapo jeminini nayo hubandikwa alama na kusagwa. Cdt1 inaachiwa huru, mzunguko unaanza upya.

Mfumo huu wa alama unaibika, na mwizi tunayemjua vizuri ni HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Protini yake E7 huifanya Rb, inayoizuia seli kuingia kwenye kunakili, iharibiwe. E6 nayo hukiteka kimeng'enya cha seli, E6AP, na kukitumia kuibandika alama p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika. Aina za HPV 16 na 18 peke yake husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Mwanza ina mchango wake hapa. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa DoRIS, ulioanza mwaka 2017, kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV. Miaka miwili baada ya dozi moja, karibu wote walikuwa na kingamwili dhidi ya HPV 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2024.

Chanjo haikiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, kwa hiyo mama wa binti aliyechanjwa bado anahitaji uchunguzi, hasa akiwa na miaka 30 hadi 50. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja hivi. Seli zilizobadilika, zenye viini vikubwa na protini nyingi, huonekana kama doa jeupe. Doa dogo mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo, kwa kugandisha au kwa joto. Kubwa au lenye kutia shaka hupewa rufaa.