Mji mdogo nao una haja ya ramani

Wete, kisiwani Pemba, ukikaa barazani utasikia: “Mpango wa ardhi ni wa Unguja mjini. Sisi wadogo, tukishakuwa wengi tutapangwa.” Kauli hii ni ya zamani, na imepindua mambo. Mji mdogo ndio rahisi kupangwa, kwa sababu njia bado haijajengewa.

Chukua shamba la eka tatu, kama yale waliyogaiwa wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964. Tuseme ni mita 110 kwa 110. Likikatwa viwanja vya mita 15 kwa 20 bila kuacha njia, hutoka kama 40. Barabara ya mita 8 ikipita katikati inameza vitatu tu, vinne ukibahatika vibaya. Mwenye shamba huviona hivyo vitatu. Gari la kunyonya karo, yaani shimo la maji machafu, lisiloweza kufika nyumba za nyuma, hilo hajaliona bado. Kuipata njia hiyo baadaye ni kuvunja nyumba na kulipa fidia.

Na Unguja yenyewe? Ilichorewa mipango 1923, 1958, 1968 na 1982, na Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, bado ina vichochoro vya kupitisha baiskeli. Ramani pekee haitoshi, hilo kweli.

Wengine huogopa kunyang'anywa. Mpango hasa huonyesha wapi pajengwe, wapi pabaki mikarafuu, bonde la mpunga na kiwanja cha skuli. Karatasi ya mauziano iliyopita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kwa upande wake, si kibali cha ujenzi.