Kubadilisha maji ya swimingi maana yake nini hasa

Jumapili nimepata tena ile meseji, safari hii ni kijana mmoja anayeangalia nyumba ya wageni huku Nyali: "Shikamoo mzee, maji tumeshabadilisha lakini klorini bado haishiki." Nikamuuliza mmebadilisha vipi, akasema walifungua mpira usiku kucha mpaka maji yakafika kwenye skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu. Yaani walijazia. Hili nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu, nikaona bora niandike mara moja kisha niwe natuma tu.

Kubadilisha maji ni kutoa sehemu ya maji yaliyomo bwawani na kutia mengine mahali pake, ili vile vitu vilivyoyeyuka humo na ambavyo hakuna dawa ya kuvitoa vipungue. Maana ni hiyo.

Shida iko kwenye neno lenyewe. Badili tumelichukua kwa Kiarabu na ni ndugu wa tumbo moja na badala, hii hii tunayosema kila siku "badala ya". Kwa hiyo ndani ya kubadilisha kuna badala, kitu kimoja kikae pahali pa kingine, na hakiwezi kukaa pale kama cha kwanza hakijatoka. Ukirudi kazini ukavaa shati safi juu ya lile la jasho hakuna atakayesema umebadilisha nguo, na wa kwanza kukwambia ni huyo unayelala naye. Lakini kwenye maji, kwa vile mapya na ya zamani yanafanana, mtu anaona kina kimerudi palepale anasema kazi imekwisha. Wapi!

Maana jiulize, hayo maji yaliyopungua yalienda wapi? Siku hizi za kaskazi, jua kali na upepo, bwawa linashuka vidole viwili kwa wiki bila hata mtu kuoga, na kinachoondoka ni mvuke, maji matupu. Chokaa haipandi na mvuke, chumvi haipandi, stabilaiza ya kwenye vidonge vya klorini haipandi. Aliyepita Gongoni au Marereni kule juu ya Malindi ameyaona mashamba ya chumvi, maji ya bahari yanaingizwa kwenye vidimbwi, jua na upepo vinachukua chao, kinachobaki watu wanakichota kwa koleo. Sasa bwawa unalolijazia kila wiki bila kutoa hata ndoo nalo ni shamba la chumvi, ni vile tu hujaanza kuvuna.

Na kinachosumbua zaidi huwa hakitoki hata kwenye maji, kinatoka kwenye ndoo ya dawa. Vile vidonge vikubwa vyeupe vya gramu 200, zaidi ya nusu ya uzito wake si klorini, ni asidi ya sianuriki, ndiyo hiyo stabilaiza. Si kitu kibaya, inaikinga klorini na jua, bila hiyo jua la saa sita linaimaliza klorini kwa saa chache tu. Ila klorini inatumika inaisha, stabilaiza inabaki. Kila kidonge kinaacha kama gramu 110. Chukua bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita moja na nusu, hizo ni lita 75,000, basi vidonge 68 vikishayeyuka humo stabilaiza iko karibu miligramu 100 kwa lita wakati inayotakiwa ni 30 mpaka 50. Kwa vidonge viwili kila wiki hiyo ni kazi ya miezi minane, labda isogee kidogo kwa yale maji unayoyamwaga ukifanya bekiwoshi, yaani kuosha filta kwa kurudisha maji kinyume. Hapo ndipo unatia klorini, kipimo kinasoma vizuri kabisa, na mwani unaota vilevile ukutani. Wao wanasema klorini haishiki, kumbe imeshikwa na stabilaiza!

Kijana nilimwambia apime. Maji kidogo unayachanganya na dawa yake yanageuka kama maziwa, halafu unayamimina polepole kwenye kichupa chenye doa jeusi chini huku unachungulia kwa juu, doa likipotea unasoma mstari. Stabilaiza ikiwa nyingi doa linapotea mapema. La kwake lilipotea kwenye 100, na mistari ya kipimo chake inaishia hapohapo, kwa hiyo huenda ni zaidi.

Sasa kuna kosa la pili, na hili ndilo linanikera kweli kwa sababu linakula pesa za watu. Mtu anaamka asubuhi anakuta bwawa la kijani, anasema "maji yamebadilika", halafu ulimi unateleza wenyewe kwenda "basi tuyabadilishe". Kubadilika na kubadilisha ni shina moja lakini si shida moja. Maji yaliyobadilika rangi mara nyingi ni mwani umeota, na mwani unauawa kwa klorini ya kutosha, pampu izunguke, usugue kuta na uoshe filta, siku chache yanarudi. Na pH ikipanda unashusha kwa asidi, ikishuka unapandisha kwa magadi, hakuna haja ya kumwaga tone. Hata ile harufu kali inayowasha macho ambayo watu wanasema klorini imezidi, mara nyingi ni klorini iliyokwisha kugandana na jasho na mikojo, dawa yake ni kuongeza klorini, ingawa ukimwambia mwenye nyumba hivyo anakuangalia kama mwizi. Upande wa pili maji yanayohitaji kubadilishwa kweli yanaweza kuwa meupe yanang'aa mpaka unahesabu vigae vya chini. Stabilaiza haina rangi. Chokaa nayo mpaka uione imeganda kwenye vigae ishakuwa nyingi.

Halafu wapo waliosikia kubadilisha wakaelewa kumwaga yote. Huku pwani msithubutu kufanya hivyo ovyo, hasa masika. Ardhi ikishiba maji, bwawa tupu ni kama ngalawa, linataka kuelea, na likiinuka zege linapasuka na hapo huongei tena habari za dawa. Toa theluthi, jaza, washa pampu siku nzima yachanganyike, toa theluthi tena, jaza. Ile 100 inakuwa kama 44, na umetumia lita 50,000, yaani maboza matano ya lita 10,000. Usitoe na kujaza kwa wakati mmoja huku mpira na pampu vyote vinaenda, maana mapya yanachanganyika na kutoka pamoja na ya zamani, unaweza kupitisha bwawa zima la lita 75,000 na bado asilimia kama 37 ya ulichotaka kitoke kimebaki. Mvua kubwa ikijaza bwawa na ukaliachia limwagike, hiyo nayo ni kubadilisha, kidogo, tena ya bure. Ila kama tatizo lako ni chokaa na unajazia kwa maji ya kisima, pima ya kisima kwanza, sisi tumekaa juu ya mawe ya matumbawe na maji yanayopita humo yanakuja na chokaa yake tayari. Utakuwa umetoa chokaa ukatia chokaa.

Kijana nimemjibu bila ukali, maana hakuna aliyemwonyesha. Nimemwandikia: mwanangu, hayo mlijazia. Kesho toa theluthi kwanza, usiimwage kwenye migomba kabla klorini haijashuka, jaza, upime tena lile doa, halafu ndio uniambie mmebadilisha.